Mume Wangu Alipiga Mbao Mara Tatu, Nami Nikamwambia Inuka

Siku uvumilivu wangu ulipokatika, nilikuwa nimeshika bakuli la uji wa mume wangu.

Shebe, shemeji yangu, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chetu, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, ananukia udi kama bwana harusi. Alikuja na habari njema, alisema. Kutakuwa na onyesho jingine la mieleka kule bustani ya Mama Ngina, ufukweni, kubwa kuliko lile la kwanza. Na safari hii watamtoa Faraji! Watamsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi katikati ya ulingo, na kola yake ya hospitali shingoni, halafu yeye Shebe atashika maikrofoni awaambie watu, tazameni kijana wetu alivyofanywa na yule Mjapani!

"Watu watalia, shemeji," akaniambia. "Wallahi watalia!"

 Faraji, mume wangu, alikuwa amelala chali akitazama boriti za dari. Lakini mkono wake wa kulia, ule ambao bado unamsikia, uliinuka kidogo ukapiga ubao wa kitanda. Pa... pa... pa. Mara tatu.

Shebe aliendelea kuzungumza. Hakusikia, au alijifanya hakusikia, kama alivyojifanya mara ya kwanza.

Mimi nilisikia. Na uji wote, moto wake na sukari yake, ukaishia kwenye ile kanzu. Alipiga kelele mpaka majirani wakatoka barazani! Nikamwambia, "Toka! Toka nyumbani kwangu kabla sijaifuata sufuria!"

Wasomaji wenzangu, mtaniona sina adabu. Ngojeni kwanza nieleze hizo mara tatu ni nini. Mkishajua, hata mimi hamtaniacha salama.

Nina miaka ishirini na saba. Nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea. Naishi Mji wa Kale na mume wangu Faraji, mavyaa wangu, yaani mama yake Faraji, na binti yangu Rukiya wa miaka minne. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi barazani kwetu. Faraji alikuwa akipakua mizigo bandarini Kilindini. Mwili wake ulikuwa mlango mzima! Akipita uchochoroni, wengine hungoja.

Mzee Moriwaki alikuwa mteja wangu. Mahamri manne, mbaazi bila pilipili, kila siku ya Mungu. Alikuja Mombasa kumfuata binti yake, mhandisi aliyekuwa kwenye ujenzi wa gati. Binti alimaliza kazi akarudi kwao Japani, baba akabaki, amepanga chumba juu ya duka la vinyago mtaa wa Ndia Kuu. Ni mzee mfupi, mpana, na masikio yake yamevimba na kujikunja kama sambusa iliyokosewa kufungwa. Watoto walikuwa wakimwita Karate. Yeye hutikisa kichwa na kusema, "Karate hapana. Mieleka."

Ni pale barazani aliponihadithia maisha yake, kidogo kidogo, kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika.

Aliingia kwenye chama cha mieleka ya kulipwa akiwa na miaka kumi na sita. Mwaka wa kwanza hakupigana na mtu. Alipika sufuria kubwa ya mchuzi wa wakubwa wake, akawasugua migongo bafuni, akachuchumaa na kuinuka, kuchuchumaa na kuinuka, mpaka jasho likafanya dimbwi sakafuni. Halafu akafunzwa kuanguka. Ndiyo, kuanguka! Kidevu kifuani, mikono ipige mbao kabla ya mgongo, pumzi itoke. Mwaka mzima kazi ni hiyo.

Baada ya hapo alipigana miaka thelathini. Na katika miaka hiyo thelathini kazi yake ilikuwa... kushindwa!

Msicheke, maana mimi nilicheka. Alinieleza kwamba mieleka ile ni mchezo wa kuelewana. Wanaopigana wanajua tangu mwanzo nani atashinda. Watu huja kumwona bingwa, na bingwa hang'ari bila mtu wa kuanguka vizuri mbele yake. Mtu huyo alikuwa Mzee Moriwaki. Alishindwa mijini, akashindwa vijijini, akashindwa kwenye kumbi za shule na theluji inaanguka nje. Mkanda wa ubingwa aliuona kiunoni mwa wenziwe tu.

"Miaka thelathini washindwa tu, Mzee? Hukuona haya?" nilimuuliza.

Akafuta mbaazi mdomoni. "Mama Rukiya. Mimi kushindwa, yeye kushinda, sisi wote kurudi nyumbani kula. Hii kazi nzuri."

Akanionyesha picha ya siku aliyostaafu. Amesimama katikati ya ulingo, tepe za karatasi za kila rangi zimemfunika mpaka kiunoni, analia mdomo wazi kama mtoto. Siku hiyo, alisema, watu waliojaa ukumbi walisimama kimya na kengele ikagongwa mara kumi, polepole. Kwa mtu aliyeshindwa maisha yake yote! Mimi sikuelewa. Nilimrudishia picha nikaendelea kukaanga.

Mzee alipopata godauni kuukuu na kuanza kuwafunza vijana, Faraji alikuwa wa kwanza kwenda. Ulingo waliuunda kwa mikono yao. Kamba za meli pembeni, mbao katikati, na chini ya mbao matairi ya malori, ili mtu akianguka mbao zinyumbuke. Nilikuwa nikipeleka chai pale jioni, na Rukiya mkononi. Nilichokiona ni wanaume wazima wanaanguka. Mbele, nyuma, ubavu. Pwaa! Pwaa! Pwaa!

Na kulikuwa na amri moja ambayo hata Rukiya aliijua. Ukiumia kwelikweli, si kwa mchezo, piga mbao kwa kiganja mara tatu. Pa, pa, pa. Hapo kila kitu kinasimama. Aliyekushika anakuachia, anayecheka ananyamaza, Mzee mwenyewe anakuja mbio. Hakuna kuulizana. Binti yangu akikabwa na mwiba wa samaki, alikuwa akipiga meza mara tatu!

Basi nilijua. Naomba mkumbuke kwamba nilijua.

Mambo yaliharibika kwenye harusi ya jirani. Tumekaa wanawake tunamenya thomu, vile vitunguu saumu vya pilau, mmoja akaniambia, "Mwanaidi shoga, twasikia mumeo yuwafunzwa kuanguka!"

"Kuanguka?" akadakia mwingine. "Kwani hakuwa akijua?"

"Labda alikuwa akianguka vibaya!"

"Muulizeni mkewe, yeye ndiye ajuaye!"

Walicheka mpaka thomu zikamwagika. Mimi nilicheka pia, mdomo tu. Moyoni nilikuwa nachemka. Kwetu mwanafunzi akifeli twasema ameanguka. Biashara ikifa, imeanguka. Na mimi mume wangu, mlango mzima, ameacha kupumzika baada ya kazi ili akasomee hilo neno!

Usiku ule ule nilimwambia. Sitaficha nilivyomwambia. "Mwaka mzima waanguka tu? Utamwangusha mtu lini? Au huyo mzee awafunza mkosi wake?"

Faraji ni mpole. Alisema tu, "Bado sijamaliza, mke wangu. Bado kuanguka kwa kichwa."

Mimi nikamgeuzia mgongo.

Hapo ndipo Shebe alipopata mlango wa kuingilia. Shebe ni mtoto wa mama mdogo wa Faraji, wamekula sahani moja tangu utotoni. Kazi yake ni kupanga maonyesho na kushika maikrofoni. Alikwenda godauni wiki tatu, akachoka. Lakini wiki tatu zilimtosha kujua kwamba mieleka ni ya kuelewana, na ile amri ya mara tatu aliijua vilevile.

Akatujia na maneno matamu. Ikiwa mshindi ameshapangwa, kuna haja gani ya kusomea kuanguka mwaka mzima? Si ni mchezo wa kuigiza tu? Atajenga ulingo Mama Ngina, jioni, watu wote wa mji wanapunga upepo. Faraji atapambana na jamaa mmoja mnyanyua vyuma, na atakayeshinda ni Faraji!

"Wewe wasemaje, shemeji?" akaniuliza.

Nilisema nini? Nilisema, "Afadhali wewe watufikiria!"

Mzee Moriwaki alipopata habari alikuja barazani kabla jua halijapanda. Hakuagiza kitu. Alisema Faraji bado miezi kadhaa. Alisema yule mnyanyua vyuma hajui kumshusha mtu. Akauliza, matairi yapo? Shebe, aliyekuwa akinywa chai yangu, akacheka. Matairi ya nini? Yataonekana vibaya kwenye video!

Mzee akaniangalia mimi. "Mama Rukiya, watu kuigiza. Sakafu haiigizi."

Nami nikamjibu mbele ya wateja wangu wote, "Mzee, wewe ulizoea kushindwa. Usimzoeshe mume wangu."

 Aliinamisha kichwa kidogo, akaondoka. Sufuria ya mbaazi ilikuwa imejaa na hakula hata kijiko.

Shebe akachapisha bango hata hivyo: MWANAFUNZI WA BINGWA WA JAPANI! Mzee alimwomba alitoe neno bingwa. Hakulitoa.

Siku ilipofika nilivaa buibui jipya. Nilikaa mstari wa mbele, Rukiya pajani, tunakula mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili. Watu walikuwa tele! Wale wanawake wa thomu walikuwa nyuma yangu, nami nilihakikisha wananiona. Ulingo wa Shebe ulimeremeta, turubai jekundu limevutwa likakaza. Chini yake mbao, na chini ya mbao, vyuma.

Mume wangu alipanda na watu wakamshangilia. Mimi nikapiga vigelegele mpaka koo likaniuma.

Walipanga kwamba mnyanyua vyuma atambeba juu, Faraji atateleza kutoka begani kwake, amwangushe, ashinde. Yule jamaa akambeba. Juu kabisa. Halafu mguu wa huyo mbebaji ukateleza kwenye turubai...

Mlio ule sitausahau. Haukuwa pwaa ya godauni. Ulikuwa mfupi, mkavu.

Faraji akalala. Watu wakacheka na kupiga makofi, walidhani ndio utamu wenyewe! Na hapo nikauona mkono wake wa kulia unajivuta juu ya turubai. Pa... pa... pa.

Shebe alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Aliutazama ule mkono. Kisha akainua maikrofoni akahesabu nao, kama mwamuzi, "Mojaaa! Mbiliii! Tatuuu!" Umati ukaitikia. Mkono ukapiga tena, na wao wakahesabu tena!

Rukiya akanivuta buibui. "Mama, baba apiga mbao."

Na mimi? Mimi niliyejua? Niliwasikia wale wanawake wakicheka nyuma yangu, nikasimama, nikapiga kelele, "Inuka, Faraji! Inuka, usinitie aibu!"

Hakuinuka. Mpaka leo.

Hospitali walisema mfupa wa shingo umepasuka. Walisema tushukuru anapumua mwenyewe. Miguu ina hisia lakini haina nguvu, mkono wa kushoto umelala, na kutembea... inshallah, kwa muda, kwa mazoezi. Mavyaa wangu alikaa chini kwenye sakafu ya wodi akalia bila sauti.

Mzee Moriwaki alikuja hospitali na machungwa kwenye mfuko. Nilimpokea mlangoni kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika. Nilimwambia, wewe ndiwe uliyemuua mume wangu na mkosi wako! Aliweka machungwa chini. Akainama, mgongo ukawa kama meza, akabaki hivyo mpaka wauguzi wakaanza kutazama. Kisha akaenda zake.

Shebe akaniletea barua iliyokwisha kuandikwa. Ilisema Mjapani ndiye aliyemfunza Faraji, alimfunza vibaya, hakumfunza njia yoyote ya kujikinga wala kuomba msaada. Hakumfunza njia ya kuomba msaada! Nilisoma sentensi hiyo kwa macho yangu mawili, nikatia sahihi. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa rahisi kumchukia mgeni kuliko kujitazama kwenye kioo.

Barua ikapelekwa ofisi ya vibali vya michezo. Godauni likatiwa kufuli, uchunguzi unangojwa. Watoto waliokuwa wakimwita Mzee Karate wakaanza kumwita Muuaji. Asubuhi zangu zikapita bila mahamri manne, mbaazi bila pilipili. Nami nilijiambia, na akome!

Miezi miwili mizima nilimlisha mume wangu uji na uongo. Mpaka siku ile ya kanzu.

Shebe alipotoka mbio na uji wake, nilifunga mlango, nikachukua simu, nikaitafuta video ya onyesho. Ilikuwa imezunguka mji mzima na mimi sikuwa nimethubutu kuifungua. Mkono wa Faraji unaonekana wazi. Sauti ya Shebe akihesabu inasikika wazi. Na juu ya sauti zote, kali kama filimbi, sauti ya mwanamke. "Inuka, usinitie aibu!"

Faraji alikuwa akisikiliza kitandani. Nikamuuliza, ulinisikia siku ile?

"Nilikusikia," akasema. "Ndiyo maana nilipiga mara ya pili. Nilidhani hukuona."

Wasomaji, nimezaa, nimezika baba, lakini maumivu kama yale sijayaona!

Kesho yake nilikwenda Ndia Kuu na Rukiya. Mzee alikuwa ameketi kwenye ngazi za duka la vinyago, anashona mfuko. Nilijitayarisha kutukanwa. Nilitamani anitukane. Aliniangalia akauliza, "Mkono wa kushoto, vidole kucheza?"

"Kidogo, Mzee. Kidole gumba."

"Kidole gumba vizuri," akasema. Akachukua mkono wa Rukiya, akanionyesha jinsi ya kukunja na kukunjua, kidole kimoja kimoja, asubuhi na jioni, na nisiharakishe.

Nilimwambia nitaandika barua nyingine, niseme kweli yote. Hakufurahi, hakushukuru. Alifikiri, kisha akaomba jambo moja tu. "Usiandike bingwa. Andika kazi yangu."

Dada zangu, na kaka mnaosoma kwa kujificha, nawasihi. Msimsukume mtu jukwaani kwa sababu ya kicheko cha watu wanaomenya thomu. Mtu akikwambia bado hajamaliza kujifunza, mwache amalize! Na mtu wako akipiga mbao, kwa mkono, kwa neno, hata kwa kunyamaza, usiangalie nyuma kuona nani anacheka. Nenda! Wale walionicheka hata mmoja hajaja kunisaidia kumgeuza mume wangu kitandani. Kicheko kimeishia kwao, aibu imebaki kwangu.

Shebe amepeleka wazee kwa mavyaa wangu kusema haya ni mambo ya nyumbani, tuyamalize nyumbani. Mavyaa amewaambia, "Mwanangu hakuangukia nyumbani." Nilimbusu mkono.

Kwenye ile ofisi ya vibali karani aliisoma barua yangu, akavua miwani. "Mama, hapa pa walalamikiwa umejiandika na wewe mwenyewe. Barua haziandikwi hivi."

"Hii imeandikwa hivi," nikamwambia. "Piga muhuri."

Alipiga. Nakala yake ni hii.

MINTARAFU: MALALAMIKO, NA KUIFUTA BARUA YANGU YA KWANZA

Mimi, Mwanaidi, mke wa Faraji, naifuta barua niliyotia sahihi dhidi ya Mzee Moriwaki. Sikuiandika mimi, lakini niliisoma, na nilijua ni ya uongo.

Mzee Moriwaki si bingwa wa Japani na hakuwahi kusema ni bingwa. Kazi yake kwa miaka thelathini ilikuwa kushindwa, na kuhakikisha kwamba yeye na aliyemshinda wanarudi nyumbani wazima. Kazi hiyo ndiyo aliyokuwa akimfunza mume wangu, na alitukataza kumpandisha jukwaani kabla haijakamilika. Alimfunza pia njia ya kuomba msaada, nayo ni kupiga mbao mara tatu. Naomba godauni lake lifunguliwe.

Mlalamikiwa wa kwanza ni Shebe, aliyepanga onyesho. Aliweka vyuma mahali pa matairi. Aliijua alama ya mara tatu, aliiona, akaifanyia mzaha kwa maikrofoni. Naomba asipewe kibali tena. Video nimeiambatanisha.

Mlalamikiwa wa pili ni mimi. Niliijua alama, niliiona, mtoto wangu wa miaka minne akanikumbusha, nami nikamwambia mume wangu ainuke. Sauti ya mwanamke inayosikika kwenye video ni yangu. Sijui ofisi yenu ina adhabu gani kwa kosa hili. Iandikeni tu kwamba nimekiri, ili asitafutwe mwingine wa kubebeshwa.

Ni mimi,
Mwanaidi, Mama Rukiya
Muuza mahamri, Mji wa Kale